Somo: Kwa nini kontena linanyimwa ruhusa kwenye faili zako mwenyewe

Swali hili linarudi kila wiki, hivyo naliandikia somo. Kontena ni programu inayoendeshwa ikiwa imetengwa na mashine iliyoibeba. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, haijui majina ya watumiaji. Inajua namba tu, na katika kila ukaguzi hulinganisha namba ya mchakato na namba ya mmiliki iliyoandikwa kwenye faili.

Hatua ya 1. Tazama wamiliki kwa namba: `ls -ln`.

Hatua ya 2. Soma mgao wako wa namba za ziada katika `/etc/subuid`, kwa mfano `100000:65536` (namba ya kwanza, kisha idadi).

Hatua ya 3. Piga hesabu, na hapa usiharakishe. Ukitumia Podman (programu ya kuendesha kontena) bila root (mtumiaji mkuu, namba 0), namba 0 ya ndani ya kontena ni wewe mwenyewe nje, tuseme 1000, na mgao wa subuid unaanzia namba 1 ya ndani. Kwa hiyo PostgreSQL, programu ya hifadhidata ambayo katika taswira yake rasmi ya Debian (kifurushi cha kuanzishia kontena) ni 999, nje huwa 100998, wala si 100999. Hakikisha kwa `podman unshare cat /proc/self/uid_map`, inayoonyesha ramani ya namba: mwanzo wa ndani, mwanzo wa nje na idadi. Tafadhali usikimbilie `chmod 777`: unaianika data kwa kila mtumiaji wa mashine, na PostgreSQL yenyewe hukataa kuwaka ikikuta folda yake imeachwa wazi hivyo.

Hatua ya 4. Badilisha mmiliki: `podman unshare chown -R 999:999 data`. Andika namba za ndani, kerneli itazitafsiri.

Swali: Nimefuata yote, bado inagoma.

Jibu: Lete matokeo ya hatua ya 1 na ya 3. Bila hayo nitakuwa nabahatisha.

Swali: Mwalimu, mimi ni root ndani ya kontena. Mbona nanyimwa faili ya `nobody`?

Jibu: Umeuliza vizuri, ndugu. Kwa kawaida 65534, namba ya `nobody`, ndiyo inayoonyeshwa pale mmiliki halisi asipokuwemo katika ramani. Uwezo wa root wa kupita ukaguzi hufanya kazi pale tu mmiliki na kikundi cha faili vyote vimo humo. Kikikosekana kimoja, unapimwa kama mtumiaji mwingine yeyote.

Swali: Hakuna njia ya kuepuka chown kwenye data kubwa?

Jibu: Ipo. Tangu kerneli 5.12 ya mwaka 2021, ramani inaweza kuwekwa kwenye mount yenyewe (pale diski au folda inapounganishwa na mfumo), na namba zilizo diskini zisiguswe. Ilianza na mifumo ya faili ya ext4, XFS na FAT, ila kwa diski ya mashine utahitaji root halisi.

Swali: Faili yangu ina ruhusa 0070 (mmiliki 0, kikundi 7, wengine 0) nami nimo kwenye kikundi, lakini siisomi.

Jibu: Kwa sababu wewe ndiye mmiliki. Kerneli ikishakutambua hivyo hutumia tarakimu ya mmiliki pekee, na yako ni 0. Ya kikundi haifikiwi kabisa.