Kutembea kwenye mwamba usiku na watoto

Chagua usiku wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maana ndipo maji hupwa mbali zaidi. Ingia mwambani saa moja kabla ya kupwa kabisa. Maji yakianza kujaa, geuzeni mara moja. Yakishafika magotini mwa mtoto mdogo kuliko wote, mmechelewa.

Mtu mzima mmoja aangalie watoto wawili, si zaidi. Kila mtoto avae taa ya kichwa na viatu vilivyofungwa vyenye soli nene, kwani miiba ya samaki-jiwe hutoboa soli nyembamba. Acheni taa ufukweni ikiwaka. Gizani mwelekeo hupotea upesi ajabu.

Kanyageni mchanga au jiwe tupu, kamwe si matumbawe hai. Tulieni kando ya dimbwi dakika tano bila kuongea: kamba hujitokeza kwanza, macho yakimetameta kama makaa, kisha kaa, na mkibahatika, pweza akiwinda.

Mikono isiguse kitu. Konokono mwenye ganda la umbo la pia huchoma kwa sumu inayoweza kuua. Aliyechomwa apelekwe hospitali papo hapo.