Jinsi kijiji kinavyoweza kujipanga ili mama na kichanga wasifie njiani

Hii nawaandikia wenyeviti wa vitongoji, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wajumbe wa kamati ya zahanati na yeyote mwenye dada, mke au binti mjamzito kijijini. Sio lazima kusubiri mfadhili, mengi hapa yanataka kikao cha kijiji na simu ambazo watu wanazo tayari.

Kwanza tujue tulipo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha Tanzania inapoteza akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukaonyesha 104. Jamani hiyo ni hatua kubwa, kuna watu wamefanya kazi usiku na mchana. Ila angalia vichanga, wale wa chini ya siku 28: kutoka vifo 25 kwa kila 1,000 tumeenda 24, yaani tuko palepale. Kwahiyo mkijipanga msimpange mama peke yake.

Anzeni na daftari. Mhudumu wa jamii anaandika kila mjamzito wa kitongoji: tarehe ya matazamio, namba ya simu ya mume au jirani, atajifungulia wapi, nani atabaki na watoto, na ndugu gani wawili wako tayari kutoa damu. Aliyewahi kufanyiwa upasuaji, mwenye mapacha, binti mdogo wa mimba ya kwanza na aliyezaa zaidi ya mara nne wekeeni alama nyekundu, hao hawatakiwi kujifungulia zahanati ambayo haina chumba cha upasuaji, inabidi wasogee mapema kwa ndugu mjini au kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito karibu na hospitali. Na hilo daftari ni siri, lisisomwe mkutanoni. Aliye na mimba changa mhimizeni aanze kliniki kabla ya wiki ya 12, asisubiri tumbo lionekane.

Sasa kuna suala la nani anaamua, na hapa ndo wengi tunawapoteza. Mama ameanza kutoka damu saa nne usiku, mume yuko mnadani simu haipatikani, mama mkwe anasema tusubiri kidogo uchungu wa kwanza huwa hivyo, jirani anaona hatari lakini anaogopa kuingilia nyumba ya mtu, mpaka mume anarudi alfajiri mambo yameshaharibika. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya masaa mawili. Kwahiyo makubaliano yafanyike mapema, mume akiwepo, mhudumu akiwa shahidi: ikitokea dalili ya hatari yeyote aliye karibu anaita usafiri, ruhusa imeshatolewa. Dalili zenyewe ni damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, chupa kuvunjika kabla ya wakati, mtoto kuacha kucheza tumboni. Kwa kichanga ni kugoma kunyonya, kupumua haraka, mwili kuwa wa moto au wa baridi, na umanjano. Zisemeni kila penye watu, kuanzia vikoba hadi msikitini na kanisani.

Usafiri. Namba ni 115, ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na vichanga, bure. Mfumo huu ulizinduliwa kitaifa 2022, unapiga wewe au mhudumu wa zahanati, anayepokea anauliza hali ya mgonjwa halafu anatuma ambulansi, na kama ambulansi iko mbali anampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa, huyo analipwa kwa simu na mfumo wenyewe, sio na familia. Kichanga anayeumwa naye anabebwa. Mwenyekiti muulize mganga mfawidhi madereva waliosajiliwa eneo lenu ni kina nani, kama hakuna mtu wa karibu pelekeni jina la mwenye gari anayeaminika. Halafu muwe na mpango wa pili, sababu kuna vitongoji mpaka upande kilimani ndo upate mtandao, na masika mto ukijaa hata ambulansi haivuki. Wanaokaa ng'ambo ya mto wavuke wiki mbili tatu kabla ya tarehe. Kwenye kikoba tengeni mfuko mdogo wa dharura, bei ya gari mkubaliane kabla. Mama anayetoka damu au aliyepata degedege msimpakize bodaboda kama gari lipo, alale kwa ubavu wa kushoto.

Kufika bado sio kupona. Tangu 2017/18 fedha zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo na kamati ina sauti kwenye matumizi, kwahiyo mjumbe usiende kusaini posho tu, ingia chumba cha kujifungulia uangalie. Sindano ya oksitosini, ile ya kuzuia damu, inatakiwa ikae nyuzi 2 hadi 8, sasa uliza friji linatumia nini na mtungi wa gesi ukiisha nani ananunua. Uliza magnesiamu ya kifafa cha mimba ipo? Taa ya usiku inawaka? Kifaa cha kumpulizia mtoto pumzi, kile kifuko chenye barakoa, kiko wapi? Ukiambiwa kiko kabatini na funguo anazo mtu aliyeenda semina, basi hamna kifaa. Kinatakiwa kiwe juu ya meza ya mtoto, barakoa saizi 0 na saizi 1 zimeshaoshwa, sababu mtoto asiyelia ana dakika moja tu ya kuanza kusaidiwa. Mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua yalipofanyika kwenye hospitali 8 za hapa Tanzania, vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kwa 47%, na vifaa vyake ni vya kawaida kabisa.

Na kauli. Kuna akina mama wanajifungulia nyumbani kwa sababu walitukanwa mara ya kwanza. Kamati iwasikilize kwa faragha, na imsikilize nesi pia, mara nyingi yuko peke yake, hana nyumba karibu na amekesha. Kumkarabatia nesi nyumba ya kuishi ni huduma ya mama na mtoto.

Baada ya kujifungua mama abaki kituoni saa 24, halafu arudi ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42, mhudumu amkumbushe kwa simu. Mtoto asiogeshwe siku ya kwanza, kitovu kisipakwe samli wala majivu. Aliyezaliwa njiti akae kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, na baba anaweza kupokea zamu mama akienda kuoga.

Kila miezi mitatu kaeni. Kama kuna kifo jadilini mlichelewa wapi, kwenye kuamua, njiani au kituoni, bila kumsaka wa kumlaumu, na mwandike nani anarekebisha nini na lini. Kama kijiji hakina hata hilo daftari anzeni na wenye matazamio ya miezi miwili ijayo tu, wengine mtawaongeza mkiwa mnaendelea.