Kuandika na kuripoti kisa cha nidhamu shuleni: mwongozo kwa walimu wa Mombasa

Saa nne na robo asubuhi, wanafunzi wawili wa Gredi ya 8 wameshikana mashati karibu na mfereji wa maji, mmoja anatokwa na damu puani, na mwalimu wa zamu amewaachanisha huku akijua kwamba kipindi chake kinaanza baada ya dakika tano. Katika shule nyingi za umma hapa Mombasa, kisa kama hiki huishia kwa sentensi moja inayoandikwa jioni, au kesho yake, au wiki ijayo mzazi anapofika langoni kuuliza nani amemuumiza mwanawe. Mwongozo huu ni wa mwalimu huyo wa zamu, na wa naibu mwalimu mkuu atakayepokea shauri kutoka kwake. Ninachokitetea ni kwamba daftari la matukio liandike kilichoonekana na kilichosikika, na hukumu iachiwe wale wenye kazi ya kuhukumu.

Mtoto aliyeumia ashughulikiwe kwanza, kisha wahusika watenganishwe ili wasipate nafasi ya kupanga maneno wala kumalizia ugomvi. Baada ya hapo, kabla ya kuingia darasani, mwalimu aandike kwenye kipande chochote cha karatasi mambo manne: saa, mahali, majina ya waliohusika, na majina ya wanafunzi wawili au watatu waliokuwa karibu. Kipande hicho kihifadhiwe hata baada ya maelezo kamili kuandikwa, kwa kuwa ndicho kilichoandikwa mambo yakiwa bado mapya. Maelezo kamili yaingie daftarini siku hiyo hiyo kabla ya mwalimu kuondoka shuleni, kwa kalamu ya wino, katika daftari lenye kurasa zilizopewa nambari tangu siku lilipofunguliwa. Kosa la kuandika likatwe kwa mstari mmoja unaoacha neno la chini lisomeke, na aliyekata atie sahihi pembeni. Ukurasa usichanwe kamwe, wala pasipakwe wino mweupe wa kufutia.

Kuhusu saa, naomba msomaji anivumilie kidogo, maana hili lilinigharimu. Nilipokuwa na jukumu la nidhamu katika shule moja ambayo sitaitaja, mwanafunzi alilalamika kwamba mwenzake mkubwa alimnyang'anya pesa za chakula saa nne. Mwalimu aliyepokea malalamiko, akiandika kwa Kiingereza kama tulivyozoea, aliweka tarakimu 4:00 bila kuongeza neno. Shauri lilipofika mbele ya Bodi ya Usimamizi, mjomba wa mtuhumiwa alikuja na ustadhi wa madrasa, ambaye aliapa kwamba saa kumi jioni siku ile kijana alikuwa mbele yake akisoma, na alikuwa akisema kweli tupu. Kisa kilitokea asubuhi, lakini daftari lilisema jioni. Bodi ikalitupa shauri, na mtoto aliyeibiwa akarudi darasani akituona sote waongo. Tangu siku hiyo huandika saa kwa namna zote mbili, kwa mfano "saa nne asubuhi, yaani 10:00", na huwasihi wenzangu wafanye hivyo hata wanapodhani kwamba hakuna wa kukosea.

Lugha ina mtego wake vilevile. Rejista nyingi huandikwa kwa Kiingereza ilhali ugomvi wenyewe huwa wa Kiswahili, na mara nyingine wa Kidigo au Kigiriama, hivyo maneno hufa njiani. Mwanafunzi anayemwambia mwenzake "Leo utanitambua" ametoa tishio, nami nimewahi kuona tishio hilo likitafsiriwa neno kwa neno hadi likasikika kama ndugu wawili waliopoteana na wanaotarajia kukutana. Andika maneno kama yalivyotamkwa, kwa lugha iliyotumika, ndani ya alama za kunukuu, kisha ueleze maana yake ukilazimika. Matusi nayo yaandikwe yalivyo. Mwalimu anayeandika "alitamka maneno machafu" kwa kuona haya huwaachia wengine kazi ya kubahatisha ukubwa wa kosa.

Tuurudie ugomvi wa mferejini. Maelezo ninayokutana nayo mara nyingi husema hivi: "Mwanafunzi huyu ni mkaidi na mpenda vita. Alimpiga mwenzake bila sababu. Si mara ya kwanza." Hapo hapana tarehe, hapana mahali, hapana jina la aliyeona, na neno "bila sababu" limemhukumu mtoto kabla hajaulizwa. Yalinganishe na haya: "Jumanne 11/2/2025, saa nne na robo asubuhi, 10:15, karibu na mfereji ulio nyuma ya darasa la Gredi ya 5. Nilisikia kelele nikiwa mlangoni mwa ofisi ya walimu. Nilipofika nilimkuta A amemshika B kola ya shati kwa mkono wa kushoto. B alikuwa akitokwa na damu puani. Sikuona pigo lenyewe. C na D wanasema walikuwa kwenye foleni ya maji. Niliwatenganisha, B akapelekwa kwa mwalimu wa huduma ya kwanza saa nne na dakika ishirini, 10:20." Katika daftari lenyewe, herufi hizo zitakuwa majina kamili pamoja na nambari za usajili za shule. Sentensi yenye thamani kuliko zote humo ni "Sikuona pigo lenyewe." Mwalimu anayekiri asichokiona huaminiwa katika alichokiona.

Tabia ya zamani ya mtoto isichanganywe na kisa cha leo. Kama ana visa vingine, taja tarehe na kurasa zake, na kama havikuandikwa, basi havitajwi. Tahadhari hii ni kubwa zaidi kwa walimu wa Kisauni na Likoni, ambako wakazi wamesumbuliwa na makundi ya vijana wenye mapanga. Kuandika kwamba mwanafunzi "ni mmoja wao" kwa sababu ya mtaa anakotoka, mtindo wa nywele au kaka yake ni kumbandika mtoto jina litakalomfuata hadi kituo cha polisi. Ikiwa amepatikana na kisu, andika kisu, urefu wake kwa kukadiria, kilipokuwa na nani alikitoa.

Hatua inayofuata ni kuwasikiliza watoto wenyewe, nayo ndiyo huharakishwa kuliko zote. Kila mmoja aandike maelezo yake akiwa peke yake, kwa lugha anayoimudu, bila mwalimu kumwongoza kwa maswali yenye majibu ndani yake. Wa gredi za chini asimulie, mwalimu aandike, kisha amsomee alichoandika na kumuuliza kama ndivyo alivyosema. Katiba ya 2010 imempa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu wa haki katika maamuzi ya kiutawala, na mtoto mwenye sare ya shule hajatolewa humo. Atakayekataa kuandika asilazimishwe. Andika tu kwamba alipewa nafasi na akakataa.

Vitu vilivyonaswa vinahitaji ukurasa wao. Upekuzi ufanywe mbele ya watu wazima wawili, mmoja wao akiwa wa jinsia ya mwanafunzi, na kitu kitiwe katika bahasha itakayotiwa sahihi na wote waliokuwepo. Simu iandikwe aina, rangi, hali ya kioo na nambari yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, ambayo mwenyewe anaweza kuionyesha kwa kubonyeza *#06#. Usipofanya hivyo, siku ya kuirudisha utaambiwa kwamba kioo kilikuwa kizima. Mwalimu asifungue picha wala jumbe zilizomo.

Mogoka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, ni mtihani wa peke yake. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku uingizaji na uuzaji wake katika kaunti hii, na mahakama ikasimamisha amri hiyo muda mfupi baadaye, jambo ambalo liliwaacha walimu wengi wakiamini kwamba mogoka na bangi ni shauri moja kisheria. Bangi imekatazwa na sheria ya taifa na ni shauri la polisi. Majani ya mogoka mikononi mwa mtoto ni kosa la kanuni za shule na ni jambo la ulinzi wa mtoto. Kwa hiyo andika "majani mabichi yaliyofungwa kwa karatasi, ambayo mwanafunzi anasema ni mogoka", usiandike "dawa za kulevya", na umpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha kabla ya kufikiria adhabu.

Kuna visa ambavyo shule haina ruhusa ya kuvichunguza. Mtoto akisema amedhulumiwa kingono, awe amedhulumiwa na mwenzake, jamaa, dereva wa tuktuk au mwalimu, kazi yako ni kumsikiliza, kuandika maneno yake machache kama alivyoyasema bila kumhoji zaidi, na kuripoti. Waraka nambari 3 wa mwaka 2010 wa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, unamtaka mwalimu mwenye habari kama hizo aripoti ndani ya saa 24, na kunyamaza ni kosa la kinidhamu kwake mwenyewe. Ripoti iende polisi na kwa afisa wa watoto, na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, mtakayopewa iandikwe daftarini. Mtoto afikishwe hospitali upesi, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya HIV hufaa zikianzwa ndani ya saa 72. Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa. Nambari 116 ya msaada kwa watoto haitozwi malipo. Anayetuhumiwa akiwa mwalimu mkuu, ripoti isipitie mezani kwake, bali iende moja kwa moja kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti na kwa polisi. Watakuja wazee na mabibi wa mtaa kuomba mambo yamalizwe kinyumbani, nao wataombea kwa heshima na kwa machozi. Wapokee kwa adabu, uandike kwamba walikuja, na ripoti iendelee na safari yake.

Visa vingine hupanda ngazi kwa ngazi. Kuchelewa na kutomaliza kazi hubaki kwa mwalimu wa darasa. Ugomvi, uonevu na wizi huenda kwa naibu na kisha kwa mwalimu mkuu. Panapokuwa na silaha, jeraha kubwa, moto au uharibifu, mwalimu mkuu amwarifu mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo siku hiyo hiyo kwa simu, na barua ifuate. Bodi ya Usimamizi, kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ndiyo inayoamua mashauri ya nidhamu ya wanafunzi na kutoa ripoti kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Sheria hiyo imekataza mwanafunzi kufukuzwa kabisa, ila kwa kanuni maalumu, baada ya njia nyingine zote za kumrekebisha kushindikana, na baada ya yeye na mzazi wake kusikilizwa. Kwa hiyo naibu anayeandika "amefukuzwa" alipokusudia "amesimamishwa kwa siku kadhaa" ameandika jambo ambalo hana mamlaka nalo. Barua ya kusimamishwa itaje kosa, tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi.

Safu ya hatua zilizochukuliwa ndiyo inayosomwa kwanza na mawakili. Adhabu ya viboko iliondolewa shuleni mwaka 2001, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinampa anayemwadhibu mtoto kimwili au kumtesa kiakili faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Nimewahi kuona daftari lililojaa "alionywa" kwa wino wa aina moja na mwandiko wa siku moja, kufunika yaliyotendeka nyuma ya stoo. Anayeandika hivyo ameongeza uongo juu ya kosa.

Mzazi aitwe kwa simu na kwa barua, na saa ya simu iandikwe pamoja na uhusiano wa aliyepokea, kwani katika familia zetu anayekuja shuleni huweza kuwa shangazi, bibi au kaka mkubwa. Anza kwa salamu na kumkalisha, mwamkie mkubwa wako shikamoo hata kama amekuja na hasira, kisha msomee kisa kama kilivyo. Nakala atakayopewa isiwe na majina ya watoto wa wengine. Habari za kisa zisipelekwe kamwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, hata bila jina, kwa kuwa mtaani watamjua kabla ya magharibi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawahusu walimu pia: mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Daftari likae katika kabati lenye kufuli, funguo zikiwa kwa naibu na mwalimu mkuu peke yao. Mwisho wa muhula, lisomeni kuangalia mahali na saa badala ya majina. Ikiwa ugomvi mara sita kati ya kumi umetokea kwenye foleni ya mfereji mmoja wakati wa mapumziko, huenda shule inahitaji mfereji wa pili kuliko barua zaidi za onyo. Naibu anapohamishwa, makabidhiano yafanywe kwa maandishi: mstari upigwe chini ya kisa cha mwisho, idadi ya kurasa zilizojazwa iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, mashauri yasiyokwisha yatajwe moja moja, na anayeondoka na anayeingia watie sahihi mbele ya mwalimu mkuu kabla ya funguo kubadilishana mikono.