Bodi ya mashine ya kuangulia vifaranga: anza na stima

Ukibuni bodi ya saketi inayoendesha mashine ya kuangulia vifaranga, chipu iache kwanza. Anza pale stima inapoingia. Mimi nabunia hapa Kisumu, lakini wateja wangu wengi wako Kakamega na Kisii, na radi za huko mnazijua.

Stima yetu ni volti 240, ila kilele cha wimbi lake hukaribia 340, kwa hivyo kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) iliyoandikwa volti 300 haina kazi upande huo. Tanguliza fyuzi, ndipo uweke varista ya volti 275, kifaa kinachomeza volti za ghafla kama za radi, kati ya laivu na nutro. Usigeuze mpangilio: varista iliyochoshwa na radi hupiga shoti, na fyuzi iliyo mbele yake ndiyo hukata stima kabla moto haujashika.

Kati ya shaba ya volti 240 na ile ya volti 5 mimi huacha milimita 8, na chini ya rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) nakata mfereji kabisa, maana vumbi la kuku likilowa hupitisha stima. Kuna mafundi wanaosema hiyo ni kupoteza bodi. Sikubaliani nao hata kidogo: anayetia mkono humo kila asubuhi ni mama wa watu.

Kushusha volti 12 hadi 5, wengi hukimbilia 7805, chipu inayoshusha volti kwa kuzigeuza joto. Piga hesabu: volti 7 zinazoshushwa, mara ampea 0.3 bodi ikivuta kiasi hicho, ni wati 2.1, zote joto. Kihisi kikiwa karibu kitasoma nyuzi 37.5 ilhali mayai bado ni baridi, na hita itazimwa. Tumia moduli ya kushusha volti, ile yenye koili, bodi ikae nje ya sanduku, na kihisi kishuke kwa waya hadi usawa wa mayai.

Koili ya rilei ipewe daiodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), mstari wake ukitazama chanya. Kila chipu ipate kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na miguu yake ya umeme.

Usiagize bodi kabla hujanunua vifaa vyenyewe, hata kama ni kutumiwa kutoka Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi. Chapisha mchoro wa KiCad, programu ya kuchorea bodi, kwa kipimo halisi, ubandike kwenye katoni, uchomeke kila kifaa. Viunganishi vya skrubu ndivyo hukataa kuingia mara nyingi.

Siku ya kuwasha, chomoa hita, kisha upitishe laivu kwenye balbu ya wati 60, ile ya waya ndani, si LED. Ikimulika kidogo na kufifia, endelea. Ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti. Chomoa, urudi kwa multimita.