Ndege ya Majivu Uani: Namna ya Kunasa Kumbukumbu za Waliohudumia MiG-21

Ukimwomba mzee mstaafu wa Jeshi la Anga akueleze habari za vita vya Kagera, atakupa yale ambayo redio ilishayasema: Oktoba 1978 Amin kavamia, Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Lakini mwulize, "Ndege ikishagusa ardhi, wewe ulikuwa umesimama wapi, na mkononi umeshika nini?" Mikono yake itaanza kusogea kabla mdomo haujafunguka. Maelekezo haya ni ya maswali ya namna hiyo. Yanamfaa mjukuu, mwalimu au kijana yeyote wa Tabora mwenye mzee wa aina hii nyumbani au mtaani, awe Isevya, Ng'ambo, Cheyo au Kiloleni.

Anza na mafundi, marubani wafuate. MiG-21, ndege ya kivita ya Kisovieti, ina kiti kimoja, lakini haikuruka bila fundi wa injini, fundi umeme, fundi silaha, mtu wa oksijeni na mtu wa mafuta. Rubani amekwisha kuulizwa mara nyingi, mtu wa mafuta hajaulizwa hata mara moja, na miaka yake inakwenda.

Ijue ndege kabla ya kubisha hodi

Mzee akigundua kwamba huijui ndege yake, atakueleza kwa ufupi kama anavyomweleza mtoto. Jifunze kuzitofautisha ndege hizi kwa picha. MiG-17 na nakala yake ya Kichina zina mabawa yaliyolala nyuma, kila bawa lina kuta tatu nyembamba za bati juu yake, na bomba la moto ni moja. MiG-19, ambayo nakala yake ya Kichina iliuzwa nje kwa jina la F-6, ina mabomba mawili ya moto na ukuta mmoja mkubwa kwenye kila bawa. MiG-21 ina bawa la pembetatu, koni katikati ya mdomo wa hewa, na bomba moja.

Hata MiG-21 zenyewe hazifanani. Kwenye toleo mojawapo la mwanzo, F-13, mkuki mrefu wa kupimia kasi uko chini ya mdomo wa hewa, na kifuniko cha kioo cha rubani hufungukia mbele. Kwenye MF, aina mojawapo iliyotufikia kutoka Umoja wa Kisovieti miaka ya 1970, mkuki uko juu ya mdomo, kifuniko hufungukia upande wa kulia, na parachuti ya kusimamishia inakaa kwenye kopo chini ya mkia wa wima, juu ya bomba la moto. Ukipewa picha iliyofifia, tazama mkuki kwanza. Huonekana hata uso wa mtu ukiwa umefutika.

Chora ndege uani

Hii ndiyo njia inayozaa kuliko zote, na gharama yake ni majivu tu. Picha ya mezani humfanya mzee aelekeze kidole. Ndege iliyochorwa chini kwa ukubwa wake humfanya anyanyuke atembee, na mwili hukumbuka njia ambayo kichwa kimeisahau.

Tafuta uwanja wenye urefu wa mita 18 na upana wa mita 10. Uwanja wa shule unafaa, na chini ya mwembe ni pazuri zaidi. Uwe na kamba ya mita 20, vigingi kumi, futi ya kamba, na madebe mawili ya majivu yaliyochekechwa. Chokaa ya kuchorea uwanja wa mpira pia inafaa, ila usimruhusu mzee aikanyage kwa ndala, maana inaunguza ngozi.

Vuta kamba moja kwa moja, huo ndio uti wa ndege. Mwili, kutoka mdomo wa hewa mpaka bomba la moto, una mita 12 na kidogo, na unene wake ni kama mita moja na robo. Kisha ongeza mkuki mbele ya pua. Kwa mabawa, chora mstari mmoja ulionyooka unaokata mwili, wenye urefu wa mita 7.15 kutoka ncha hadi ncha. Huo ni ukingo wa nyuma wa mabawa yote mawili. Kwenye kila ncha panda mbele nusu mita, kisha elekea mwilini, ukisogea mbele mita moja na nusu kwa kila mita moja unayoingia ndani. Utaugusa mwili kama mita tano mbele ya ule ukingo wa nyuma. Malizia na mkia wa ulalo, mita 3.7 kwa upana.

Wengi hukosea kwa kuchora mabawa mapana mno. Bawa la MiG-21 ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Kosa la pili ni kusimamisha kazi ukihangaikia vipimo. Mahali hasa bawa linapoanzia pakadirie kwa picha. Mzee atasema, "Hapana, sogeza nyuma," na hapo ameshaanza kazi. Nasa sauti tangu unapomwaga majivu, usisubiri akae kwenye kiti.

Halafu mwombe aizunguke kama alivyoizunguka asubuhi ya kazi. Kila anaposimama, chomeka kigingi chenye namba na uandike alichofanya hapo. Wakikutana wawili, mmoja akianzia kushoto na mwingine kulia, usiwapatanishe. Andika zote mbili.

Maswali yenyewe

Uliza kitu kimoja kwa wakati mmoja, kitu kinachoshikika. Haya ni machache yenye utamu.

Parachuti ya kusimamishia. Rubani huifungua ndege ikishatua, kisha huiachia, na kuna watu wa kuifuata barabarani. Nani alikwenda? Iliangaliwa nini kabla ya kukunjwa tena? Ikilowa mvua ilianikwa wapi?

Breki. MiG-21 hutumia breki za upepo, kama za lori, na upepo huo hujazwa kwenye mitungi chini. Ukipungua ilikuwaje? Dereva mstaafu wa malori akiwepo barazani, mwache aingilie. Swali lake litakuwa zuri kuliko lako.

Kutoa injini. Ili injini itoke, sehemu yote ya nyuma ya ndege, pamoja na mkia, hufunguliwa na kuvutwa kando juu ya kigari. Walikuwa wangapi? Nani alitoa amri ya kuvuta? Boliti ipi ilikuwa sugu?

Kava na vizuizi vyekundu. Mkuki wa kasi huvalishwa mfuko ndege inapolala, maana nyigu hupenda kujenga ndani ya tundu, na tundu likiziba kipimo cha kasi hudanganya. Mtu wa Tabora anayejua nyuki na nyigu hahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini hilo lina uzito.

Silaha na mafuta. Bunduki ya MF ni GSh-23, ya mitutu miwili, risasi 200. Tangi la chini ya tumbo lilikuwa la lita 490 au 800. Usiulize idadi, unazo tayari. Uliza uzito ulikaa bega lipi.

Mfano wa jinsi mazungumzo yanavyokwenda:

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Ndege imesimama. Parachuti iko wapi?"

"Imebaki nyuma huko, barabarani."

"Nani anaifuata?"

"Sisi, na gari."

"Mnaishika wapi isiburuzike?"

Hapo nyamaza. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Vijana wengi hushindwa hapa, wanaona kimya kuwa aibu, wanajaza kwa swali jingine, na jibu lililokuwa njiani linarudi lilikotoka.

Masikio na mpangilio wa viti

Aliyefanya kazi kando ya injini ya jeti kwa miaka mingi huenda amepoteza usikivu, na huanza kupoteza sauti nyembamba. Herufi kama s, f, k na t humpotea, kwa hiyo anasikia kwamba unaongea lakini haelewi unachosema. Kupiga kelele hakusaidii, kunapotosha sauti zaidi. Ongea pole pole kwa sauti nzito, mkitazamana usoni, upande wa sikio lake zuri. Maswali ya kipimo na majina ya vifaa yaandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi. Akijibu jambo ambalo hukuuliza, pokea jibu, kisha rudi kwa swali lako.

Usiwaweke rubani na fundi pamoja siku ya kwanza. Koplo hamkosoi meja hata kama wote wamestaafu miaka thelathini. Kila mmoja awe peke yake kwanza, ndipo uwakutanishe kwenye ndege ya majivu, wasizidi wanne.

Wala usimsahau mama wa nyumba. Fundi akishafariki, mjane wake ndiye anayejua ni usiku gani mumewe aliitwa, ovaroli ilinuka nini, na ni mwezi gani walihamishiwa Mwanza au Ngerengere. Mhoji mwenyewe, kwa heshima yake, si kama msaidizi wa kumbukumbu za mumewe.

Tarehe huja kwa kuegemea tukio. Badala ya "mwaka gani," uliza: kabla au baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, 1977? Kifo cha Sokoine, Aprili 1984, kilikukuta kambi gani? Mwinyi alipoingia madarakani, Novemba 1985, mlikuwa na mtoto wa ngapi?

Kunasa sauti

Simu inatosha. Izime mtandao kabisa, maana simu ikiita katikati unasaji hukatika. Tumia programu inayohifadhi WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa, 48 kHz, biti 24, mono. Saa moja hula kama MB 520, hivyo kadi ya GB 32 inabeba takriban saa 60. Maiki ya kubana kwenye shati ni bora. Ukikosa, weka simu shubiri moja kutoka kidevuni, pembeni kidogo, ili pumzi ya p na b isiipige.

Adui mkubwa hapa ni bati. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua ikinyesha juu ya bati hakuna programu itakayosafisha. Fanya kazi kiangazi, au asubuhi saa tatu kabla upepo haujaanza. Ndani ya chumba kitupu sauti hurudi, kwa hiyo tandika mkeka, ning'iniza blanketi ukutani nyuma yako. Ukiwa karibu na stesheni, jua saa za treni. Kabla ya kuanza, nasa nusu dakika, sikiliza kwa spika za masikioni, kisha endelea. Kipindi kisizidi dakika 90. Mzee hatasema kwamba amechoka. Utaona majibu yanakuwa mafupi.

Mipaka

Ndege kustaafu si sababu ya kila kinachoihusu kuwa wazi. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 ipo, na mzee anaijua kuliko wewe. Usiulize mawasiliano, maghala, wala lolote la kambi za leo, na usipige picha kambi. Akisema "hilo tuliache," liache, na usirudi kwa mlango wa nyuma.

Karatasi ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili, nusu ukurasa, nakala mbili: nani atatunza sauti, nani ataruhusiwa kuisikiliza, kipi kifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inajali ridhaa ya mhusika, na heshima inataka zaidi.

Akikutolea risasi au fataki ya kiti cha kurukia, kile kinachomrusha rubani nje ya ndege, kama ukumbusho, usiishike. Fataki ya kiti haizeeki ikawa salama. Mshauri aite polisi. Saa za ndege za zamani zenye mishale ya kung'aa gizani usizifungue kioo, kwani baadhi zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi, na vumbi lake si la kuvuta puani.

Baada ya kuagana

Picha zake zipige hapohapo kwake, kivulini, bila flashi, mbele na nyuma, maana nyuma ndiko kwenye majina. Usiondoke na albamu hata kwa siku moja, hata akikusihi. Usilaminishe, usitie gundi. Mpe bahasha za karatasi na umwombe albamu isikae sakafuni, kwenye mchwa.

Tengeneza nakala tatu siku hiyohiyo: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja nyumba nyingine. Jina la faili lianze na tarehe, kisha kazi ya mtu, mfano 2025-07-12_fundi-silaha_01. Kuandika saa moja ya maongezi huchukua saa tano au sita, na zaidi palipo na maneno ya ufundi. Usimsahihishe Kiswahili chake. Neno la Kirusi au la Kichina alilolikunja kwa ulimi wa kambini liandike alivyolitamka, weka dakika pembeni, kisha mrudie umsomee. Kwenye kusomewa hukumbuka majina yaliyompotea mara ya kwanza, basi kinasa sauti kiwe wazi na siku hiyo.

Nakala ya familia iweke kwenye flashi kama MP3, vipande vya dakika 15, namba 01, 02, 03. Redio ndogo za kuchomeka flashi, zile zinazokaa dirishani kwa wazee wengi, mara nyingi hazisomi WAV. Jaribu kwenye redio yake mwenyewe kabla hujaaga.