Taja picha, kisha umngoje mtoto
Mzazi mwenye mtoto wa chini ya miaka miwili aweke kando kadi za maneno na video za kufundisha kusoma, ampakate, afungue kitabu chenye picha kubwa, aguse picha moja na kuitaja, "kuku", kisha anyamaze kwa sekunde kadhaa mpaka mtoto aguse, atazame au atoe sauti, ndipo amjibu: "Ndiyo, kuku anadonoa mahindi." Kimya hicho ndicho chenye kazi, kwa sababu mtoto hujifunza lugha kwa kupokezana zamu na mtu anayemjibu, na maneno anayoyaelewa kwa kusikia ndiyo yatakayoyapa maana maandishi atakapofikia umri wa kusoma. Utafiti wa Susan Neuman na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2014, uliwapima watoto 117 wa miezi 9 hadi 18 na haukuona kwamba programu ya video na kadi iliwafundisha kusoma, ingawa wazazi waliamini imewafundisha, imani ninayoielewa kabisa. Njia hii ya kutaja na kungoja hushindwa mtoto akiwa na njaa au usingizi, na pia pale mzazi anapoigeuza mtihani kwa kuuliza "hii nini?" mfululizo; mtoto akigeuza uso, kifunge kitabu mjaribu baadaye.