Mafaili uliyoambatisha kwenye majina ya Outlook yanakaa wapi

Ukiambatisha mkataba wa msafirishaji wa korosho kwenye jina lake ndani ya Outlook (programu ya barua pepe ya Microsoft; majina ndiyo "Contacts"), mkataba huo hauingii kwenye folda yoyote unayoweza kuifungua. Outlook inanakili faili zima na kulitia ndani ya faili lake moja kubwa la data, pamoja na barua, kalenda na majina yote. Ndiyo maana karani wa chama cha msingi Newala au Nachingwea anaweza kupekua diski nzima asiuone mkataba, ilhali akifungua jina lile upo.

Kulipata faili hilo kubwa katika Outlook ya 2016, 2019 au 2021, bofya "File", kisha "Account Settings", na "Account Settings" tena kwenye menyu inayofunguka, halafu "Data Files". Chagua mstari wa akaunti yako, bofya "Open File Location". Tazama herufi za mwisho za jina la faili. Likiwa .pst, kwa kawaida liko ndani ya "Documents", folda ya "Outlook Files". Likiwa .ost, liko AppData\Local\Microsoft\Outlook, na AppData huwa imefichwa.

Herufi hizo ndizo zinazoamua usalama wa nyaraka zako. Faili la .ost la akaunti ya Exchange au Microsoft 365 (huduma za barua za Microsoft) ni nakala ya vitu vilivyoko kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma. Kompyuta ikifa, unaingia kwenye nyingine na majina yanarudi na viambatisho vyake. Faili la .pst liko kwenye kompyuta yako tu. Hatari zaidi ni akaunti ya IMAP, njia ya kawaida ya kusoma barua zinazobaki kwenye seva: barua ziko kwenye seva, lakini folda ya majina imeandikwa "This computer only". Fundi akifuta .ost ili Outlook ijipakue upya, barua zitarudi, majina na mikataba hayatarudi. Mwambie kabla hajagusa.

Kabla ya msimu wa minada, toa nakala. Bofya "File", "Open & Export", "Import/Export", "Export to a file", halafu chagua "Outlook Data File (.pst)". Onyesha folda ya majina na uihifadhi kwenye diski ya nje. Usichague CSV, faili la jedwali: inabeba maandishi tu, yaani jina, simu na anwani, na viambatisho vinaachwa bila onyo lolote. Kadi za vCard, yaani mafaili ya jina mojamoja (.vcf), nazo hazivibebi.

Umeme ukikatika Outlook ikiwa wazi, .pst inaweza kuharibika. Funga Outlook, nakili .pst pembeni, ndipo uendeshe SCANPST.EXE, programu ya Microsoft ya kukarabati mafaili hayo, iliyoko kwenye folda ya Office16. Acha alama ya kutengeneza nakala ilivyo, na urudie hadi isione kosa. Betri ya UPS, inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika, ni bora kuliko ukarabati huu wote. Usiiweke .pst inayotumika kwenye flashi wala folda ya mtandao wa ofisi; muunganisho ukikatika katikati ya kuandika, matokeo ni yaleyale.

Ukomo wa .pst ni GB 50 tangu Outlook 2010. Hutaufikia kwa mikataba, lakini faili kubwa huchelewesha kufunguka na kunakiliwa, kwa hiyo skani karatasi kuwa PDF badala ya kubandika picha za simu.

Jambo moja huwapoteza wengi: ukifungua kiambatisho, unachokiona ni nakala ya muda iliyowekwa kwenye folda iliyofichwa iitwayo Content.Outlook. Usihariri humo. Hifadhi faili nje, rekebisha, futa la zamani kwenye jina, ambatisha jipya, kisha bofya "Save & Close".

Wanaotumia Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe, hawana pa kuambatisha nyaraka. Majina yamo ndani ya faili la abook.sqlite na picha za wahusika kwenye folda ya Photos, zote kwenye folda ya wasifu (profile) wa programu. Weka mikataba kwenye folda ya kawaida na uandike njia yake kwenye sehemu ya maelezo ya jina.